Chicago kwa Hesabu: Mgeni Aanzie Wapi

Wazee wetu, ndugu zangu, na ninyi vijana ambao pasipoti tayari ziko mfukoni, habari za jioni.

Nianze na kona moja. Katikati ya Chicago mtaa wa State unakatana na mtaa wa Madison. Ukisimama pale huoni cha ajabu: maduka, taa za barabarani, watu wanawahi kazini. Lakini pale ndipo penye sifuri ya mji mzima. Kila jengo, kuanzia hoteli utakayofikia hadi kibanda cha soseji kilichoko maili kumi kusini, limepewa namba kwa kuhesabu umbali wake kutoka kona hiyo. Mgeni akilielewa hilo, mji unakuwa mwepesi. Asipolielewa, hata awe na simu yenye ramani nzuri kiasi gani, kati ya siku zake nne mbili zitaishia njiani.

Kwetu tunaelekezana kwa mwembe, msikiti na duka la Mangi, na tunafika. Chicago iko kwenye tambarare kama meza, haina kilima cha kukuonyesha upande, na mitaa yake mingi imenyooka kama imepigwa rula. Kwa hiyo naomba tufanye hesabu kidogo kabla ya kufika kwenye maghorofa na makumbusho.

Namba 800 ni maili moja, yaani kilomita 1.6. Namba 100 ni kama mita 200, dakika mbili na nusu hadi tatu kwa mwendo wa kawaida. Chukua uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, uliofunguliwa 1914. Anwani yake ni 1060 West Addison, na Addison yenyewe iko namba 3600 kaskazini. Gawanya 3600 kwa 800: maili nne na nusu kaskazini ya Madison. Halafu 1060 magharibi, maili moja na robo na ushee. Ramani hujafungua, na umeshajua kwamba huko hakuendeki kwa miguu. Ukifika kwenye mtaa wenyewe, namba shufwa ziko upande wa kaskazini au wa magharibi wa barabara, witiri ziko upande wa kusini au wa mashariki. Utaratibu huu ulianza kutumika 1909, na katikati ya mji 1911.

Upande wa kusini una kasoro ya kizamani. Maili ya kwanza inaishia 1200, kwenye barabara ya Roosevelt. Ya pili inaishia 2200, Cermak. Ya tatu 3100. Kuanzia hapo ndipo 800 zinarudi kuwa maili. Nawaomba muikumbuke hiyo Roosevelt, tutaihitaji baadaye.

Sasa makosa yanayotokea. La kwanza ni kudharau herufi iliyo mbele ya jina la mtaa, N ya kaskazini (North) au S ya kusini (South). 500 North Michigan na 500 South Michigan ziko kwenye barabara ile ile, lakini kati yake kuna zaidi ya kilomita moja na nusu. Kwenye upepo wa Januari kilomita hiyo utaikumbuka. La pili ni barabara iitwayo Wacker. Inafuata mto, kwa hiyo inapinda: kuna Wacker ya mashariki, ya magharibi, ya kaskazini na ya kusini. Na kana kwamba hiyo haitoshi, ina sakafu mbili, ya juu yenye mwanga na ya chini kama pango, ambako malori ya mizigo hupita. Kule chini simu inapoteza mawimbi ya setilaiti na alama yako kwenye ramani inaanza kurukaruka. Ukiita teksi kwa programu ya simu ukiwa karibu na mto, dereva anaweza kukusubiri chini kabisa ya miguu yako huku wewe uko juu, nanyi mnalaumiana kwa simu. Dawa ni rahisi: sogea kitalu kimoja au viwili mbali na mto, ndipo uite.

Tuje kwenye treni. Wenyeji wanaiita L, na sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 1892. Ina njia nane zinazotajwa kwa rangi. Ya buluu inatoka uwanja wa ndege wa O'Hare, ya chungwa inatoka uwanja wa Midway. Kutoka O'Hare hadi kituo cha Clark/Lake katikati ya mji ni kama dakika 45, na treni hii inapita usiku kucha. Nyingine inayokesha ni nyekundu tu. Gari barabarani huenda likawahi saa tano usiku, ila saa mbili asubuhi litakwama, na mita itaendelea kuhesabu. Kutoka Midway ni karibu zaidi, dakika 25 hivi.

Nauli unalipa kwa kugusisha kadi ya benki au simu getini. Mwenye nia ya kupanda mara nne au tano kwa siku anunue pasi ya siku kwenye mashine ya Ventra pale pale kituoni. Kupandia O'Hare ni ghali kuliko kwingine, kwa miaka mingi ilikuwa dola 5, kwa hiyo usishtuke siku ya kwanza ukadhani ndiyo nauli ya kila siku. Baada ya kugusa mara ya kwanza una saa mbili za kubadilisha treni au basi, mara mbili zaidi. Watoto chini ya miaka saba hawalipi.

Mtego wa treni uko kwenye majina ya vituo. Kituo kinaitwa kwa barabara kinayokatana nayo, na barabara ndefu inakatana na njia nyingi. Matokeo yake viko vituo vitano vinavyoitwa Western, na viwili kati yake viko kwenye njia ile ile ya buluu, kimoja upande huu wa mji na kingine upande ule. Mtu akikwambia "tukutane Western", muulize rangi; akisema buluu, muulize tena ni tawi la O'Hare au la Forest Park. Vya jina Chicago viko vitatu.

Katikati ya mji reli imepanda juu ya nguzo za chuma na kuzunguka mstatili wa mitaa minne, Lake, Wabash, Van Buren na Wells. Mzunguko huo ulikamilika 1897 na inasemekana ndio uliozaa jina la eneo lenyewe, Loop, maana yake kitanzi. Hapa kuna ziara nzuri ambayo wageni wengi hawaijui. Panda treni ya kahawia upande wa kaskazini, kituo cha Merchandise Mart au kabla yake, ukae dirishani upande wa kulia. Itavuka mto juu ya daraja, itashuka Wells, itakata Van Buren, itapanda Wabash, itarudi kwa Lake. Utapita usawa wa ghorofa ya pili na ya tatu, karibu na madirisha ya ofisi kiasi cha kuona kikombe cha chai juu ya meza ya mtu. Kwenye kona zile kali magurudumu yanalia kwa sauti ya kukereza meno. Ni nauli moja tu, na ukiteremka unajua mji umekaaje.

Kuhusu usalama niseme kwa kifupi. Usiku kaa behewa la kwanza, karibu na dereva. Simu usiishike mkononi ukiwa umekaa karibu na mlango, maana mwizi hungoja mlango unapokaribia kufunga. Hayo hata Kariakoo tunayajua.

Baada ya hapo panga siku zako kwa pande, usizipange kwa umaarufu wa vitu. Kosa kubwa kuliko yote ni kuandika orodha ya vivutio kumi halafu kuvifuata kwa mpangilio wa orodha: asubuhi kusini, mchana kaskazini, jioni kusini tena. Siku moja iwe ya katikati na mto, siku moja ya bustani na makumbusho ya ziwani, siku moja ya kaskazini, siku moja ya kusini. Mwenye siku mbili achukue mbili za kwanza, nyingine aziache bila majuto.

Siku ya mto. Mto Chicago ni mwembamba, wala mtu aliyeona Rufiji hatauona mkubwa, lakini ndio ufunguo wa mji. Zamani ulimwaga uchafu wote wa mji ndani ya Ziwa Michigan, na maji ya kunywa yalikuwa yanatoka ziwa hilo hilo. Basi wahandisi wakachimba mfereji wa kilomita 45 kwenda magharibi, na Januari 1900 mto ukageuzwa: ukaanza kutiririka kutoka ziwani kuelekea bara, hadi maji yake yakaishia kwenye mto Mississippi. Ukisimama darajani ukaona maji yanakwenda kinyume na ziwa, hujachanganyikiwa.

Fedha ya kiingilio kimoja tu ukiwa nayo, itumie kwenye boti ya usanifu majengo. Ile inayoendeshwa kwa ushirikiano na Chicago Architecture Center huchukua dakika 90, na anayeeleza ni mtu wa kujitolea aliyefundwa kwa kazi hiyo. Zipo nyingine za bei nafuu zenye maelezo mafupi na muziki mwingi. Boti hazitembei majira ya baridi kali. Msimu ni kuanzia masika yao hadi Novemba hivi. Nunua tiketi mapema kwa Jumamosi, fika nusu saa kabla, panda sitaha ya juu, na chukua koti hata kama mtaani kuna joto, kwa sababu upepo wa ziwa huingia mtoni kama kwenye bomba. Safari ya alasiri ni nzuri kuliko ya saa sita mchana, jua linapiga kuta kwa ubavu.

Mtaona minara miwili ya Marina City ya miaka ya 1960, ya mviringo, kama mahindi mawili yaliyosimamishwa; ghorofa 19 za chini ni maegesho, magari yamepangwa pembezoni, pua zinachungulia mtoni. Mtaona Merchandise Mart ya 1930, ambayo ilipofunguliwa hakukuwa na jengo duniani lenye eneo kubwa la sakafu kuliko lake. Mtaona St. Regis ya mwaka 2020, ghorofa 101, kazi ya mbunifu mwanamke, Jeanne Gang. Mkishuka, vukeni daraja la Michigan kwenda upande wa kaskazini. Hapo pana sanamu ya Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayesemekana alitoka Haiti, ambaye kabla ya 1800 alikuwa na nyumba na biashara mahali hapo. Ndiye anayehesabiwa mkazi wa kwanza wa kudumu asiye mwenyeji wa asili. Mji ulikawia kumkumbuka: daraja lilipewa jina lake 2010, na barabara kuu ya kando ya ziwa 2021.

Hatua chache kutoka hapo kuna Tribune Tower ya 1925. Usiishie kutazama juu. Tembea ukiangalia ukuta wa chini, kwa kimo cha kifua: umechomekwa vipande vya mawe kutoka majengo maarufu ya dunia, piramidi ya Misri, Taj Mahal, Ukuta wa China, kila kimoja kimeandikwa jina lake. Ni bure, na watoto wanaupenda kuliko boti.

Mtu yeyote akienda Chicago anataka kupanda ghorofa refu. Yako mawili. Willis Tower, ambalo wazee wa mji bado wanaliita Sears, lilikamilika 1974, ghorofa 110, mita 442, na kwa karibu robo karne hakukuwa na jengo refu zaidi duniani. Mhandisi wake, Fazlur Rahman Khan, alizaliwa Dhaka. Tatizo la jengo refu ni upepo kuliko uzito, na Khan alilitatua kwa namna ambayo fundi yeyote wa mianzi ataielewa: badala ya mnara mmoja mnene, alifunga minara tisa ya mraba pamoja, kila mmoja upana wa mita 23, kila mmoja ukimshikilia mwenzake. Miwili inaishia ghorofa ya 50, miwili ya 66, mitatu ya 90, na miwili iliyobaki inapanda hadi kileleni. Simama upande wa pili wa barabara uhesabu. Ngazi hizo zinaonekana wazi.

Ghorofa ya 103 kuna visanduku vya kioo vilivyotokeza nje mita moja na kidogo. Sakafu yake ni matabaka matatu ya kioo. Mwaka 2014 utando wa juu wa kinga ulipasuka watu wakiwa wamesimama humo, wakaruka kwa woga. Kioo chenyewe kilikuwa kizima, utando umewekwa uchakae badala ya kioo. Jengo la pili ni lile lililokuwa likiitwa John Hancock, kaskazini, la 1969, mita 344, na kituo chake cha kutazamia kiko ghorofa ya 94. Hapa nina upande wangu. Willis inakupa sifa ya kusema umepanda juu zaidi. Hancock inakupa mandhari, kwa kuwa iko karibu na ufukwe, unaona ziwa linavyokata mji, na Willis yenyewe unaiona mbele yako. Wenye vitabu vya zamani watakuambia uende mgahawa wa ghorofa ya 96 ununue soda uone bure. Ulifungwa 2023.

Na tafadhali, kabla ya kulipa inua macho. Kilele kisipoonekana kutoka barabarani, na wewe ukiwa kileleni hutaiona barabara. Wengi hukata tiketi ya saa maalumu wiki mbili kabla, siku ikifika kuna wingu zito, wanapanda kutazama pamba. Acha dirisha la siku mbili tatu, ununue asubuhi ya siku yenyewe.

Siku ya pili ni ya bustani na ziwa. Millennium Park ni bure. Lile dude linalong'aa ambalo dunia nzima inaliita maharage linaitwa Cloud Gate, la Anish Kapoor, mzaliwa wa Mumbai. Ni mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu, yameunganishwa na kusuguliwa mpaka mshono hauonekani, uzito unakaribia tani 100. Sehemu ya chini, hadi kimo cha mtu, hufutwa kwa mkono mara mbili kwa siku kwa sababu ya alama za vidole. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Kuanzia saa nne unapiga picha ya migongo ya watu. Halafu ingia chini ya tao lake, utazame juu. Pale kati utajiona umejirudia mara kadhaa, umevutwa kama unga wa chapati.

Ng'ambo ya barabara kuna Cultural Center, iliyofunguliwa 1897 ikiwa maktaba ya mji. Kiingilio hakuna, choo ni kisafi, joto lipo, na juu kuna kuba la vioo vya rangi lenye kipenyo cha mita 11 na nusu, vipande vipatavyo 30,000. Wageni wanalipita kwa sababu halina foleni. Ajabu ya binadamu. Kusini kidogo iko Art Institute, ile yenye simba wawili wa shaba mlangoni tangu 1894. Ina michoro ya Seurat, Hopper na Grant Wood ambayo mmeiona vitabuni, na inataka saa tatu, si chini. Imekuwa ikifungwa Jumanne na Jumatano, kwa hiyo tazama siku kabla ya kupanga.

Simba wa shaba hao wasiwacheleweshe. Simba wetu wako mbele.

Shuka kusini hadi Field Museum. Kutoka mtaa wa Michigan basi namba 146 linafika. Kwa treni ni kituo cha Roosevelt, halafu mwendo wa robo saa na zaidi kuelekea ziwani. Tiketi ya kawaida inatosha. Ile ya ghali inaongeza filamu na maonyesho ya muda. Siku za bure ni za wakazi wa Illinois wenye kitambulisho, mgeni hazimhusu. Ukumbini mtapokewa na tembo wawili wanaopigana, kazi ya Carl Akeley, tembo waliowindwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Juu yuko dinosaria SUE, aliyechimbuliwa South Dakota 1990 na kununuliwa mnadani 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8. Wengi huishia hapo.

Ninyi nendeni ukumbi wa wanyama wa Afrika mkawatafute simba wa Tsavo, waliokula watu. Wako wawili, madume, ndani ya sanduku la kioo, na mtu asiyejua anawapita akitafuta simba wa kweli. Hawana manyoya shingoni, rangi yao imefifia, na miili yao ni midogo. Sababu ya udogo huo ni hii. Mwaka 1898, daraja la reli ya kutoka Mombasa lilipokuwa linajengwa juu ya mto Tsavo, simba hawa waliwatoa wafanyakazi mahemani usiku kwa miezi tisa, hadi kazi ikasimama. John Henry Patterson, msimamizi wa daraja, aliwaua wote wawili mwezi Desemba. Ngozi akazifanya mazulia. Kwa robo karne zilikanyagwa nyumbani, ndipo makumbusho haya yakazinunua kwa dola 5,000 katikati ya miaka ya 1920. Ngozi iliyokuwa zulia imekatwa kingo, imesinyaa, imelika. Fundi wa kujaza wanyama hana pa kupata iliyopungua. Simba waliotishia reli nzima walikuwa wakubwa kuliko hao mnaowaona.

Tazameni na mafuvu. Mmoja wao alikuwa na jino chonge lililovunjika na usaha kwenye mzizi, na watafiti wanadhani maumivu hayo yalimfanya aache nyati na pundamilia atafute windo laini. Patterson alidai waliwala watu 135. Vipimo vya mifupa na manyoya yao vilivyotolewa 2009 vilikadiria kama 35. Mwaka 2024 ukafanyika uchunguzi wa nywele zilizokuwa zimeganda kwenye meno, zikakutwa za binadamu, twiga, pundamilia, choroa na nyumbu. Simulizi nyingi zinamtaja zaidi Patterson. Waliokufa walikuwa vibarua wa Kihindi na Waafrika, na majina yao hayatajwi sana.

Mwenye muda atavuka kwenda Shedd, jumba la samaki, au Adler, jumba la nyota la 1930. Kuna pasi inayokusanya vivutio vitano. Hesabu kwanza, kwa sababu ukiingia viwili tu umepata hasara, na hakuna mwenye miguu ya kuingia vitano ndani ya siku mbili.

Kaskazini nipite haraka. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park, iliyoanza 1868, haina kiingilio mwaka mzima. Mnara wa maji wa 1869 ulipona moto wa Oktoba 1871, uliochoma majengo zaidi ya 17,000 na kuwaacha watu 100,000 bila makazi. Navy Pier, gati la burudani ziwani, ni ya watoto, wazazi watalipa.

Kusini panda treni ya Metra Electric kutoka Millennium Station, iliyo chini ya ardhi. Hiyo si L, tiketi yake ni nyingine. Watu wengi hufika na kadi ya L wakashangaa. Shuka kituo cha mtaa wa 57. Makumbusho ya sayansi na viwanda yamo ndani ya jumba lililobaki kutoka maonyesho ya dunia ya 1893, na ndani yake kuna nyambizi ya Kijerumani, U-505, iliyokamatwa baharini 4 Juni 1944. Jirani, Jackson Park, ujenzi wa kituo cha Rais Obama ulianza 2021. Mtoto wa mtu wa Kogelo amejenga alikoanzia siasa. Kati ya mtaa na mtaa kule ni nyumba za watu, hivyo nendeni mchana na mrudi kwa treni ile ile.

Fedha na tumbo. Bei iliyoandikwa siyo utakayolipa. Dukani kuna kodi ya mauzo inayozidi asilimia 10, mgahawani ni zaidi ya hapo, na mhudumu anategemea bakshishi ya asilimia 18 hadi 20. Chakula cha dola 20 kinatoka mfukoni kama dola 26. Angalia risiti: mkiwa watu sita huenda bakshishi imeshawekwa, ukaongeza mara ya pili. Piza nene ya Chicago inaokwa kwa dakika 35 hadi 45, kwa hiyo agiza unapoandikisha jina mlangoni, usisubiri kukaa. Kipande kimoja na nusu kinamtosha mtu mzima. Soseji yao ndani ya mkate huwekewa haradali, kitunguu, nyanya, tango la siki, pilipili na chumvi ya seleri, bila tomato sosi. Huwa ni ya ng'ombe, lakini ya ng'ombe haimaanishi halali. Anayetafuta halali na biriani ya kueleweka aende Devon, namba 6400 kaskazini, maili nane, mnaona hesabu inavyosaidia: treni nyekundu hadi Loyola, kisha basi namba 155.

Hali ya hewa nayo. Julai inafika nyuzi 30 na zaidi. Januari usiku hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi nane kwa kawaida, na 30 Januari 2019 ilifika karibu 31 chini ya sifuri. Kofia ya kufunika masikio na glavu vinunuliwe kule, vya huku ni vya picha. Mei na Juni ufukweni kuna baridi kuliko maili mbili ndani, kwa sababu maji ya ziwa yanakawia kupata moto.

Mwezi ninaoupendekeza ni Oktoba, na kwa kawaida Jumapili ya pili ni ya mbio ndefu, marathoni. Catherine Ndereba aliweka rekodi ya dunia pale 2001, saa 2:18:47. Kelvin Kiptum akaweka ya wanaume 8 Oktoba 2023, saa 2:00:35, miezi minne kabla ya ajali iliyomchukua. Siku hiyo barabara nyingi zimefungwa, teksi haivuki, na L ndiyo njia pekee ya kuwahi wakimbiaji katika sehemu zaidi ya moja. Waoneni mapema karibu na Grant Park, halafu pandeni treni nyekundu hadi Cermak-Chinatown, wanakopita baada ya maili ya 21. Umaliziaji wenyewe unahitaji tiketi, msigombanie. Simameni Roosevelt, ile namba 1200 ya kusini. Wakimbiaji wanatoka Michigan, wanakata kulia, na hapo, katika mji ulio tambarare kama meza, baada ya kilomita 41 na zaidi, wanakutana na mwinuko wa daraja linalopita juu ya reli. Si mrefu, ni mita chache za kupanda. Lakini ndio mlima pekee wa Chicago, na pale mtaona nani amebakiza kitu miguuni kabla ya kukata kushoto kuingia barabara ya Columbus.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali ya nauli na makoti tuyachukue sasa.